Wakubwa Wanapoketi na Wadogo Darasani

Mwaka 1984, katika jiji la San Antonio, jimbo la Texas nchini Marekani, taasisi moja ya elimu ilifanya jambo ambalo walimu wengi wangelikataa papo hapo. Ilikwenda kwenye shule za jiji hilo ikatafuta wanafunzi wakubwa waliotazamiwa kuacha masomo wakati wowote: watoro, waliorudia madarasa, wanaosoma kwa kusuasua, wasioelewana na walimu. Wengi walitoka katika familia zenye asili ya Mexico, ambazo nyumbani huzungumza Kihispania ilhali shuleni mtoto hupimwa kwa Kiingereza. Taasisi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama IDRA, haikuwaongezea vipindi vya masomo ya jioni. Iliwapa kazi ya kufundisha.

Kila kijana alikabidhiwa watoto wachache wa shule ya msingi, kwa kawaida watatu, akawa anakwenda darasani kwao siku kadhaa za wiki kuwasaidia kusoma, kuandika na kuhesabu, mwalimu wao akiwapo. Alilipwa posho ndogo. Kila wiki alikuwa pia na kipindi chake mwenyewe pamoja na mwalimu mratibu, wakizungumza namna ya kumfundisha mtoto anayegoma, anayelia, au anayesahau leo alichokijua jana. Mpango ulipewa jina la Valued Youth, na kampuni ya Coca-Cola ikachangia fedha za kuuendesha.

Baadaye ulifanyiwa tathmini iliyowalinganisha vijana hao na wenzao wa hali ileile ambao hawakupata nafasi ya kufundisha. Ndani ya miaka miwili, asilimia 12 ya wenzao walikuwa wameacha shule. Kwa waliofundisha ilikuwa asilimia 1.

Takwimu hiyo inapaswa kufika mezani kwa kila mwalimu mkuu wa Afrika Mashariki, kwa sababu inagusa rasilimali ambayo kila shule inayo na haijaigharimia chochote. Darasa la kwanza limefurika, mwalimu ni mmoja, na hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya uwanja wa mstarini, wamekaa wanafunzi wa darasa la tano na la sita ambao wamekwisha kuijua njia ambayo wadogo wanaanza kuipita.

Anayefundisha huvuna zaidi

Wengi wanapofikiria mwanafunzi mkubwa kumsaidia mdogo, huona faida ikielekea upande mmoja tu: mkubwa anatoa, mdogo anapokea. Tafiti zimekuwa zikipinga dhana hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Mapema miaka ya 1960, katika mtaa wa Lower East Side jijini New York, shirika la Mobilization for Youth lilianza kuwatumia wanafunzi wa sekondari kuwasaidia watoto wa darasa la nne na la tano baada ya saa za masomo. Mtafiti Robert Cloward alipima matokeo na kuyachapisha mwaka 1967. Watoto waliosaidiwa walisonga mbele katika kusoma kuliko wenzao, kama ilivyotarajiwa. Kilichowashangaza wasomaji wa ripoti ni wakubwa. Uwezo wao wa kusoma ulipanda karibu mara mbili ya ule wa wenzao ambao hawakufundisha, na baadhi yao walikuwa wameingia katika kazi hiyo wakiwa nyuma ya kiwango cha madarasa yao.

Mwaka 1982, Peter Cohen, James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya pamoja tafiti nyingi za aina hiyo na kuzichambua. Kati ya tafiti 38 zilizopima maendeleo ya waliofundisha, 33 zilionyesha kwamba walifanya vizuri zaidi ya wenzao katika somo walilolifundisha.

Ushahidi wa karibuni zaidi ulitolewa mwaka 2019. Lauren Eskreis-Winkler, Angela Duckworth na wenzao waliwaomba wanafunzi wa sekondari nchini Marekani watumie dakika chache tu kutoa ushauri wa masomo kwa wanafunzi walio chini yao. Jaribio zima lilihusisha wanafunzi 1,982. Waliotoa ushauri walipata alama bora zaidi za hisabati muhula huo kuliko wale ambao hawakuombwa kitu. Hawakuongezewa mwalimu wala kitabu. Waliaminiwa tu kwamba wana jambo la kumwambia mtu mwingine.

Sababu zake si ngumu kuzielewa kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Anayefundisha hulazimika kujiandaa, kuyapanga mawazo yake na kugundua mahali ambapo uelewa wake mwenyewe una pengo. Kuna pia sababu nyingine inayogusa shule za Tanzania na Kenya moja kwa moja. Mvulana wa darasa la sita anayesoma kwa kukwama hawezi kufungua kitabu cha darasa la pili mbele ya wenzake. Atachekwa hadi aache shule. Akipewa mtoto wa darasa la kwanza wa kumsikiliza, kitabu kilekile kinakuwa kifaa chake cha kazi. Atakisoma nyumbani usiku ili kesho asiumbuke mbele ya mdogo wake, na hakuna atakayemcheka, kwa kuwa amekishika kama mwalimu.

Hapo ndipo somo la San Antonio linapokuwa na uzito. Shule nyingi zikiombwa wasaidizi wa darasa la kwanza zitamtoa kaka mkuu, dada mkuu na wale wanaoshika nafasi ya kwanza hadi ya tano. Hao watafanya kazi nzuri, na watafaulu hata wasipoifanya. Anayeihitaji zaidi ni yule wa dawati la nyuma ambaye hajawahi kukabidhiwa jukumu lolote shuleni zaidi ya kuchota maji na kufagia.

Sekunde ishirini kwa kila mtoto

Kwa upande wa wadogo, haja iko wazi. Ripoti ya Benki ya Dunia na washirika wake ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi iliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Shirika la Uwezo, lililoanza kupima watoto majumbani nchini Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia mwaka 2009 na 2010, limekuwa likionyesha tatizo hilohilo kwa kutumia hadithi za kiwango cha darasa la pili.

Mwongozo wa serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali na mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, watoto wameandikishwa kwa wingi, jambo ambalo ni la kujivunia. Ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo, na zipo shule ambazo mwalimu wa darasa la kwanza anaita majina mengi kuliko anavyoweza kukumbuka sura.

Hesabu ni rahisi. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 90, na mwalimu akaamua kufanya kazi moja tu, kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti, kila mtoto atapata sekunde 20. Kwa muda huo mtoto hajamaliza hata mstari wa ba, be, bi, bo, bu. Ndiyo maana darasa hugeuka kwaya: mwalimu anasoma ubaoni, wote wanaitikia, na asiyejua anajificha ndani ya sauti za wanaojua. Anaweza kujificha hivyo hadi darasa la nne.

Wakiingia wanafunzi 45 wa darasa la tano, kila mmoja akaketi na wadogo wawili chini ya mti au kwenye baraza ya darasa, kila mtoto anasikilizwa kwa zaidi ya dakika kumi. Hakuna bajeti ya halmashauri itakayoleta walimu 45 katika darasa moja.

Lipo pia suala la lugha. Katika vijiji vya Simiyu na Shinyanga mtoto huingia shuleni akizungumza Kisukuma; kule Dodoma ni Kigogo, na kaskazini mwa Kenya ni Kiturkana au Kisomali. Mwalimu aliyepangiwa kutoka mkoa mwingine humwambia "toa daftari" na mtoto akabaki amemkodolea macho. Mwanafunzi wa darasa la tano wa kijiji hichohicho alipitia hali hiyo miaka michache iliyopita. Anajua neno lipi humchanganya mdogo, na anaweza kulieleza kwa lugha ya nyumbani kisha akalirudia kwa Kiswahili. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 2014, uliona hitaji hilo ukaweka wasaidizi kutoka jamii wa kuwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya kuingia darasa la kwanza. Shule ambayo haina msaidizi wa aina hiyo bado ina darasa la tano.

Msaada wenyewe si lazima uwe wa masomo. Nchini Japani, mwaka wa masomo huanza Aprili, na katika shule nyingi za msingi wanafunzi wa darasa la sita huwapokea wa darasa la kwanza tangu wiki za mwanzo. Asubuhi huingia darasani kwao kuwaonyesha mahali pa kuweka mikoba na viatu, huwasaidia kupakua chakula cha mchana, hushika nao ufagio wakati wa usafi. Mwalimu anapoanza kipindi anawakuta watoto wametulia. Anayekumbuka kilio cha siku ya kwanza ya shule, mlango ukiwa umefungwa na mama anaondoka, ataelewa thamani ya mkono wa mtoto mkubwa wakati huo.

Mizizi iliyopo tayari

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa na Unguja, wanafunzi waliosonga mbele wamekuwa kwa karne nyingi wakiwasikiliza wanaoanza alifu na bee, mwalimu akipita kusahihisha. Nyumbani nako, dada na kaka ndio wanaomfundisha mtoto kuhesabu vidole, kuimba na kusimulia hadithi.

Daktari Mwingereza David Morley, aliyewahi kufanya kazi Nigeria, aliona namna watoto wakubwa wa Afrika wanavyowalea wadogo zao. Mwaka 1978, dunia ikijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto uliofuata, yeye na mwanaelimu Hugh Hawes waliasisi jijini London mpango wa Child-to-Child, ambao hulenga kumpa mtoto wa shule maarifa ya afya na elimu ili ayafikishe kwa wadogo zake na majirani. Miongo mitatu baadaye, UNICEF iliuchukua mtindo huo na kuujaribu katika nchi sita, zikiwamo Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi walifundishwa na walimu wao michezo ya herufi, namba na hadithi, kisha wakaicheza na watoto wa mtaani kwao ambao walikuwa bado hawajaanza shule. Ethiopia iliuingiza utaratibu huo katika sera yake ya malezi na elimu ya watoto wadogo ya mwaka 2010, ukawa mojawapo ya njia zinazotambuliwa na serikali za kumwandaa mtoto kwa darasa la kwanza.

Tanzania ina mfano wa ngazi ya juu kidogo. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi nchini mwaka 2005, huwarudisha wasichana waliomaliza sekondari kwa msaada wake katika shule za maeneo yao, ambako hujitolea saa chache kila wiki kuwaongoza wanafunzi wa sekondari kwa mafunzo yanayoitwa Dunia Yangu Bora. Wanaojitolea hupata fursa ya mkopo usio na riba wa kuanzishia biashara. Nao vijana wengi wanaosubiri majibu ya kidato cha sita hupiga tempo katika shule binafsi na za kata, wakifundisha kwa miezi michache kabla ya kwenda chuoni.

Kenya imejikuta na mazingira mazuri zaidi. Tangu Januari 2023, sekondari ya chini, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa katika viwanja vya shule za msingi. Kijana wa miaka 14 na mtoto wa chekechea sasa wanapita lango moja asubuhi. Mtaala wa umilisi umeyapa mafunzo ya huduma kwa jamii nafasi yake rasmi, na walimu mara nyingi huumiza kichwa wakitafuta mradi wa kuwapa wanafunzi. Wengi huishia kuokota taka sokoni na kupanda miti. Hiyo ni kazi njema, lakini huduma inayohitajika zaidi huenda ipo katika jengo la pili, ambako mtoto wa Gredi ya 1 anahangaika na silabi.

Hata mfumo wa viranja unaweza kubeba mzigo huu. Kwa sasa, mwalimu asipokuwapo, kiranja hutumwa darasa la wadogo na kazi moja: kuandika majina ya wapiga kelele. Ana mamlaka, ana muda na wadogo wanamtii. Kinachokosekana ni kitabu mkononi mwake badala ya orodha ya watakaochapwa.

Onyo kutoka Madras na London

Historia ina upande mwingine ambao hauna budi kuelezwa, kwani wazo hili liliwahi kuharibiwa.

Andrew Bell, kasisi wa Kiskoti, alikabidhiwa mwaka 1789 kituo cha watoto yatima wa kiume wa wanajeshi huko Madras, jiji la India linaloitwa Chennai siku hizi. Aliwaona watoto wa Kihindi wakijifunza kuandika herufi mchangani, akataka walimu wake wafuate njia hiyo. Walipogoma, alimkabidhi kazi hiyo mvulana mmoja wa miaka minane, na mvulana akaiweza. Bell akaupanua utaratibu huo shule nzima, akarudi Uingereza na kuandika kitabu kilichochapwa mwaka 1797. Mwaka uliofuata, kijana Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini kusini mwa London akitumia utaratibu unaofanana nao, akafika mahali pa kudai kwamba mwalimu mmoja anaweza kufundisha watoto elfu moja.

Serikali na matajiri walilipenda dai hilo kwa kuwa lilikuwa na gharama ndogo. Shule za Lancaster zilienea Ulaya, Amerika ya Kaskazini na ya Kusini. Lakini mtoto aliyekuwa akifundisha alikuwa anakariri tu na kukaririsha. Yeye mwenyewe alifundishwa kidogo sana. Nidhamu ililindwa kwa adhabu za kudhalilisha, kama kumfunga mtoto kigogo shingoni au kumning'iniza ndani ya kikapu. Kufikia mwaka 1846 Uingereza ilianza kuachana na mtindo huo. Ikaanzisha utaratibu wa vijana wa kuanzia miaka 13 waliosomea ualimu kwa miaka mitano chini ya mwalimu mkuu, wakilipwa na kutahiniwa.

Tanzania nayo ilipitia jambo linalokaribiana. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua kumpatia kila mtoto elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani, wakifundisha madarasa ya chini huku wenyewe wakisoma kwa posta, kwa redio na kwa kuelekezwa na waratibu. Bila wao, mamilioni ya watoto wa vijijini wasingeiona shule. Hata hivyo waliwekwa mahali ambapo pangekaa mwalimu aliyehitimu, na malalamiko juu ya kiwango cha ufundishaji yaliendelea kwa miaka mingi.

Tofauti kati ya San Antonio na London ya Lancaster iko hapo. Kwa Lancaster mtoto alikuwa mbadala wa mwalimu. Huko San Antonio alikuwa mwanafunzi mwenye mwalimu wake, kipindi chake na watu wazima waliomfuatilia. Shule itakayowatumia wanafunzi wakubwa ili kuficha upungufu wa walimu itakuwa imewaibia watoto wa pande zote mbili.

Kinachofanya kazi na kisichofanya kazi

Utaratibu huu haufaulu kila mahali. Huko Fife, Scotland, watafiti wakiwamo Keith Topping na Peter Tymms waliujaribu kwa miaka miwili katika shule za msingi 129. Wanafunzi wa miaka 10 na 11 walipofundisha wa miaka 8 na 9, pande zote mbili zilipata maendeleo ya wastani katika kusoma na hisabati. Wa umri mmoja walipofundishana, faida haikuonekana. Lakini jaribio la hisabati la wakubwa kuwafundisha wadogo lililofanyika England, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, halikukuta tofauti yoyote. Kumkalisha mkubwa karibu na mdogo hakutoshi. Utekelezaji ndio unaoamua.

Jambo la kwanza ni mafunzo mafupi na yanayorudiwa. Mbinu mojawapo iliyosambaa duniani ni ya kusoma kwa jozi. Wawili husoma kwa sauti pamoja. Mdogo akijiona anaweza, anagonga meza kidogo na mkubwa ananyamaza. Akikosea, mkubwa husubiri sekunde nne au tano ajisahihishe mwenyewe. Akishindwa, mkubwa hulitamka neno, mdogo hulirudia, wanaendelea. Akipatia, anasifiwa. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kujifunza utaratibu huo kwa mchana mmoja, kisha mwalimu akamfuatilia kila wiki.

La pili ni muda. Dakika 20 au 30, mara mbili au tatu kwa wiki, zinatosha. Zikizidi, wazazi wa wakubwa watauliza kwa haki watoto wao wanasoma saa ngapi. Uchaguzi wa darasa nao una maana. Tanzania, darasa la nne lina upimaji wa kitaifa na la saba lina mtihani wa kumaliza, kwa hiyo darasa la tano ndilo lenye nafasi. Kenya, Gredi ya 6 na ya 9 zina tathmini za kitaifa. Gredi ya 7 na ya 8 zinafaa.

La tatu ni usalama. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zinamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili, awe mkubwa au mdogo. Kazi ifanyike mahali mwalimu anapopaona, darasani, barazani au uwanjani, kamwe si katika chumba kilichofungwa. Fimbo isikabidhiwe kwa mwanafunzi. Anayempiga au kumtukana mdogo aondolewe katika kazi hiyo siku hiyohiyo, na wadogo waelezwe ni mwalimu yupi wa kumwendea wakionewa.

La nne ni usawa. Walimu wakiachiwa wachague kwa mazoea, watachagua wasichana, kwa kuwa ulezi huhesabiwa kuwa kazi yao. Msichana aliyeacha mdogo wake mgongoni mwa bibi asubuhi hastahili kukabidhiwa wengine 10 shuleni huku kaka zake wakicheza mpira. Wavulana wahesabiwe sawa kwa sawa. Wana cha kujifunza katika subira ya kumsikiliza mtoto, na mtoto wa kiume wa darasa la kwanza hunufaika akimwona kijana mkubwa akifurahia kitabu.

La tano ni vitabu. Shule isiyo na hadithi za kutosha inaweza kupata za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika bila malipo katika maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, na kuzichapa chache katika ofisi ya kata au mjini. Ambapo hakuna hata mashine ya kuchapa, wanafunzi wakubwa waandike hadithi za nyumbani kwao kwa mkono katika daftari na kuzichorea picha. Watakuwa wamefanya mazoezi ya insha, na wadogo watakuwa wamepata kitabu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka

Hakuna waraka wa wizara unaohitajika ili kuanza. Mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na walimu wa darasa la kwanza na la tano wanaweza kukaa kikao kimoja wiki ya mwisho ya likizo, wakapanga jozi, siku mbili za wiki na mahali pa kukaa. Kamati ya shule iarifiwe, wazazi waelezwe katika mkutano wa kufungua shule, na walio na mashaka wakaribishwe kuja kuona. Kabla ya kuanza, kila mtoto wa darasa la kwanza apimwe kwa kusoma herufi na silabi chache, na matokeo yaandikwe. Wa darasa la tano nao wapimwe vivyo hivyo kwa hadithi ya darasa la pili. Mwisho wa muhula zoezi lirudiwe, ili uamuzi wa kuendelea au kuacha utokane na daftari la matokeo.

Walimu watakaopanga orodha hiyo wanaombwa jambo moja. Majina ya wanaoongoza darasani yakishaandikwa, washuke hadi mkiani mwa orodha ya mtihani uliopita na wachukue majina mengine mengi kutoka huko. Wawaite wanafunzi hao mmoja mmoja, wawaambie kwamba kuna mtoto wa darasa la kwanza anayewahitaji, na wawape kitabu cha kwenda kujiandaa nacho nyumbani.